Kiti Alichokalia Ovenel

Salamu za Ketli zilishuka bondeni juu ya punda wa Shangazi Olita, katikati ya magunia ya mkaa, zikamkuta Selani hajanywa hata kahawa.

"Bi mdogo wako anakusalimu," alisema Olita, akifungua kamba ya gunia.

"Sina bi mdogo. Kuna mtu anayelinda shamba la juu, basi."

"Haya, huyo mlinda shamba anasema Alhamisi uende kliniki ya wajawazito ukapime damu. Kasema usikose. Nilishapanda punda wangu, akanifuata akalirudia neno hilo."

Selani alikuwa anapepeta mchele. Ungo ulibaki hewani, makapi yakamwangukia tumboni, juu ya ile mimba iliyokwisha kuwa kubwa kiasi cha kushika kila kinachodondoka.

"Damu yangu mimi? Yake imemshinda?"

"Mama, mimi mbeba mkaa. Hayo nimebebeshwa."

Kupima damu, kwa wanawake wa kando ya mfereji ule utokao mto Artibonite, kulikuwa na maana moja. Manesi walipima kaswende, wakapima upungufu wa damu na mengine yenye majina marefu, lakini sikio la mfereji lilisikia Ukimwi tu. Kumtumia mwanamke ujumbe kwamba akapime damu, tena kupitia kwa mwuza mkaa anayeingia kila ua, kulikuwa sawa na kumtangaza sokoni kwa kengele. Hivyo ndivyo Selani alivyoupokea. Aliapa pale pale kwamba kliniki hataiona, hata mtoto atokee puani.

Ovenel, mume wao, alikuwa na mashamba mawili ya mpunga. La chini lilikuwa karibu na barabara, na hapo ndipo yeye na Selani walipojenga nyumba ya matofali yenye bati. La juu, kule mfereji unakoanzia, alilirithi kwa babake. Mwanamume mwenye mashamba mawili yaliyo mbali huweka mwanamke kila shamba, vinginevyo ndege na mbuzi wa jirani humvunia. Hivyo Ovenel alipomweka Ketli kule juu hakuna aliyeshangaa, na Selani ndiye asiyeshangaa kuliko wote, kwa kuwa mama yake mwenyewe alikuwa mwanamke wa shamba la juu la mtu. Kuijua desturi hakukumpunguzia chochote. Kila Ovenel alipopandisha njia ile na jembe begani, Selani aliona mgongo wake ukicheka.

Mwaka huo wake wote wawili walishika mimba. Ya Selani ilitangulia, na hilo alilihesabu kuwa ushindi. Ushindi mwingine ulikuwa huu: kwa muda wa miezi miwili Ovenel alikuwa hapandi tena kwenda kulala juu. Alirudi chini kila siku, akala, akalala. Selani hakumshukuru mtu ila mkono wake mwenyewe na ule mchuzi wa kaa wenye mboga za majani ambao Ketli, kwa umri wake, hangeweza kuujua.

Olita alishusha gunia la pili. "Na wewe ukienda nenda na mumeo kama mwenzio alivyofanya."

"Alikwenda na nani?"

"Na Ovenel. Kumbe hukujua? Walishuka kwenye pikipiki, wakashikana mikono, wakaingia wote kwa Mis Ifoniz. Mlango ukafungwa."

Manesi wote huitwa Mis, na Mis Ifoniz ndiye aliyekuwa akitoa ushauri nasaha kwa wajawazito. Kuhusu mlango wake Selani alikuwa amesikia, lakini hakuwahi kusikia kwamba wanaume huingia. Ovenel, aliyekaa kwenye kibanda cha vinywaji ng'ambo ya barabara siku Selani alipopoteza mimba yao ya kwanza, kwa sababu eti harufu ya hospitali inamkaba koo. Ovenel huyo aliingia, akaketi.

Aliugua neno hilo mchana kutwa. Jioni, mume akiwa ananawa tope miguuni, alilitoa.

"Nasikia siku hizi unasindikiza wajawazito."

"Nani kasema?"

"Mkaa."

Ovenel alisugua kisigino kwa muda mrefu. "Mis mwenyewe ndiye aliyetaka. Alisema kila mwenye mimba aje na mwenzake."

"Kila mwenye mimba. Na mimi hapa nimebeba nini, boga?"

"Wewe si una mkunga wako. Kliniki ya nini tena?"

"Alhamisi twende wote."

"Alhamisi zamu yetu ya maji. Nisipokuwapo kufungua lango la mfereji, mpunga wote umekwenda."

"Zamu yetu ni Jumanne."

"Imebadilishwa."

Alisema hayo bila kuinua uso, na Selani akakisoma kile kichwa kilichoinama kama mwanamke mwenye wivu anavyosoma kila kitu: aliona mapenzi ya mwingine. Hakuona hofu. Usiku huo alitandika kitanda, akampa mume mgongo, na kiapo chake cha asubuhi akakivunja. Wivu uliomwapisha asiende ndio huo huo uliompeleka.

Kliniki ilikuwa nyumba ndefu yenye baraza la bati, na barazani kulikuwa na benchi, na juu ya benchi matumbo ya kila umri. Katikati alikaa Jezila, mwanamke mnene mwenye mimba yake mwenyewe, akimsuka binti mmoja aliyeketi sakafuni kati ya magoti yake. Benchi lile halikuwa na saa. Liliitazama mikono ya Jezila.

"Karibu, dada. Sogeeni, tumbo linataka kukaa," alisema Jezila. "La mwanamume hilo. Tazama lilivyochongoka."

"Wewe la kwako ulisema la kike," alidakia mwingine, "na ukasema hivyo hivyo limechongoka."

"La kwangu ni la wali. Mtoto nitamweka nikishashiba."

Walikuwa bado wanacheka Ketli alipofika. Alivaa gauni la manjano lililopigwa pasi. Selani alitazama ile pasi kabla ya kutazama uso. Mtu mwenye nafasi ya kupiga pasi ana mume anayemletea mkaa.

"Hujambo, bi mkubwa," Ketli alisema taratibu. "Umefanya vizuri kuja."

"Sikuja kwa kutumwa."

Ketli alifungua mdomo, akatazama benchi, akaufunga. Muda huo huo mlango ulifunguka na jina lake likaitwa. Aliingia.

Jezila alianza msuko mpya kwenye paji la uso la binti. Msuko ulipanda utosini, ukateremka kisogoni, ukafungwa kwa uzi. Mlango bado. Selani alihisi kitu kitamu kikimwenea kifuani. Aliyakumbuka mambo ya nesi aliyekuwapo zamani, siku za dada yake kuzaa: asiye na ugonjwa alitoka kabla kiti hakijapata joto, na aliye nao alikaa humo mpaka uji wa waliongoja benchini ukapoa, akatoka na macho mekundu, na kabla jua halijazama sokoni wanazo habari.

Jezila alianza msuko wa pili. Ulipofika utosini Selani alishindwa kujizuia.

"Humo pana jambo," alisema, kwa sauti iliyotosha benchi zima. "Damu safi haichukui muda wote huu. Wengine wanatuma watu wakapimwe, kumbe wanajijua."

Hakuna aliyecheka. Jezila alisita, uzi ukiwa mdomoni.

"Wewe ni mgeni hapa, eeh?"

"Mgeni kivipi?"

"Kwa Mis Ifoniz kila mtu anakaa misuko miwili. Uwe nao, usiwe nao, unakaa. Mwezi uliopita mimi na yeye tulimaliza yetu upesi, nikataka kuinuka, akaniambia kaa, Jezila, ukitoka sasa hivi atakayechelewa baada yako utakuwa umemtangaza. Tukakaa tunaongea namna ya kukaanga samaki asivunjike. Na kutoka wote tunatoka tumenawa uso, amri yake, ili aliyelia na asiyelia wafanane."

"Sikujua," alisema Selani.

"Sasa umejua." Jezila alirudi kwenye nywele. Kisha, kana kwamba anaongea na kile kichwa alichokishika, akaongeza: "Halafu mimi nashangaa jambo moja. Tuseme mwenzio anao. Mume si ni mmoja? Wewe umepitia njia gani usikutane nao?"

Hapo benchi lilicheka, kicheko kifupi, likanyamaza kabla hakijaisha. Mtoto aligeuka tumboni mwa Selani, mgeuko mkubwa wa kiwiko na goti. Tangu zile salamu za mkaa alikuwa amefikiria mengi: pikipiki, mikono iliyoshikana, pasi. Mtoto hakuwa amemfikiria. Sasa alimfikiria.

Ketli alitoka, uso umelowa maji. Ukuta wa chumba kile ulikuwa wa bati, na Selani aliona wazi kwamba umesikia kila kitu. Ketli alipita mbele yake, akainama kidogo.

"Nakusubiri kwenye pampu ya maji," alisema. Jina la Selani likaitwa.

Ndani kulikuwa na meza, beseni, na viti viwili upande wa wagonjwa, kimoja cha plastiki na kimoja cha mbao. Mis Ifoniz alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Alimkaribisha, akamwuliza jina, mimba ya ngapi, mkunga gani. Akamweleza kwamba kipimo ni hiari yake, na kwamba kitakachosemwa humo hakitoki.

"Ovenel alikaa kiti gani?" Selani aliuliza.

Mis Ifoniz alimtazama juu ya miwani. "Walioingia humu ni wengi, mama."

"Mmoja tu ndiye wangu."

"Sasa sikiliza. Nikikutajia mtu aliyekaa hapo juzi, kesho atakuja mtu aniulize wewe ulikaa wapi na ulisema nini. Unataka nimjibu?"

Selani alichagua kile cha mbao, kwa kuwa Ovenel haviamini viti vya plastiki, akakikalia kwa uzito wake wote.

"Nipime," alisema.

Kidole kilichomwa, tone la damu likawekwa kwenye kipimo. Mis Ifoniz alikuwa amekwisha kumwambia jinsi ya kukisoma: mstari mmoja, virusi hakuna; miwili, vipo. Wa kwanza ulitokea upesi. Selani aliukodolea macho, akiuombea ukae peke yake, mara ya kwanza maishani mwake kumwombea mwingine upweke kwa nia njema. Wa pili ulikuja taratibu, mwekundu wa kufifia, kisha si wa kufifia tena.

Mis Ifoniz alichukua kipimo cha aina nyingine, akachoma kidole kingine. Nacho kilisema hivyo hivyo.

"Unaiona mwenyewe," alisema kwa upole. "Virusi vipo. Niambie unachowaza, chochote."

"Na Ketli?" Ndilo lililomtoka. Alilisikia likitoka na akaona haya, lakini lilikwisha kutoka.

"Ya Ketli anayo Ketli. Tuzungumze yako, na ya huyu." Aliuweka mkono juu ya meza, karibu na tumbo bila kuligusa. "Watu wanaishi na virusi hivi mpaka wanazeeka na kusumbua wajukuu. Dawa ninazo hapa, unaanza leo. Ukimeza kila siku bila kuruka, virusi vinafubaa, na mtoto ana nafasi kubwa sana ya kuzaliwa bila virusi hivyo. Akizaliwa na yeye tutampa dawa yake. Ila utazalia hospitali, si kwa mkunga. Hilo nakuomba."

"Na kama ningekuja mapema?"

"Umekuja. Tunaanzia hapo."

Kisha akamwambia jambo la mwisho. Kila anayeanza dawa alitakiwa kuchagua mtu mmoja wa kumwona akimeza jioni, mtu wa karibu, mwenye kufunga mdomo. Mume?

Selani alitikisa kichwa.

"Mama?"

"Mama anauza sokoni. Ukimpa siri asubuhi anakurudishia chenji."

Mis Ifoniz karibu acheke. Alichungulia kwenye upenyo wa bati, akaitazama mikono ya Jezila. "Fikiria, basi. Bado tuna nusu ya msuko."

Wakakaa. Mis alimenya chungwa, akampa nusu, na wakaongea juu ya mpunga, kama mwaka huu maji yatafika mashamba ya mwisho. Baadaye Selani alinawa uso kwenye beseni, akatia chupa ya dawa kwenye kitambaa, kitambaa akakisukuma kifuani, akatoka. Benchi lilimtazama. Lilimwona mwanamke mwenye uso uliolowa, kama waliomtangulia wote.

Ketli alikuwa nyuma ya jengo, akipiga pampu bila ndoo, maji yakimwagika tu ili yapige kelele.

"Nilikusikia ukinisema," alianza.

"Najua."

"Sikuudhika. Nataka kujua kitu kimoja. Ovenel alikwambia?"

"Kuniambia nini?"

Ketli aliacha mpini. "Aliniapia kwa kaburi la babake kwamba amekwambia. Nikangoja nikuone hapa. Alhamisi zinapita, huji. Nikasema nitamtuma Olita, hata ukinitukana."

"Sema, Ketli."

"Tulipimwa wote, siku ile. Yeye anavyo. Mimi sina. Leo wamenirudia kunipima, bado sina."

Selani aliegemea ukuta. Ndani yake mambo yalipishana kama watu mlangoni, na lililowasukuma wenzake likatoka kwanza halikuwa woga.

"Huna."

"Sina, bi mkubwa."

"Kwa hiyo hata hiki amenipa mimi peke yangu." Alicheka. "Na humo ndani alikushika mkono."

"Mimi ndiye niliyemshika. Alikuwa anatetemeka mpaka kiti kinalia."

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo kwangu anaishia uani. Nilimwambia, nenda kwa bi mkubwa ukamweleze, kisha muamue wenyewe. Kumbe lile la kwenda alilisikia, la kueleza likampita."

Basi ile miezi miwili ilikuwa hiyo. Ule mchuzi wa kaa, yale mashuka aliyoyafua kwa majani ya limau, ule uso wa ushindi aliokuwa akipeleka kisimani kila asubuhi. Ovenel hakuwa amevutwa chini. Alikuwa amefungiwa mlango kule juu. Na kila alipolala kando yake na mkono wake juu ya tumbo lile, alijua, akanyamaza. Kuhusu Ovenel Selani alihisi kitu baridi na kizito ambacho angekishughulikia akifika nyumbani, na Ovenel hangekipenda. Lakini kwa huyu wa gauni la manjano kilichomchoma kilikuwa cha zamani kile kile, moto ule ule, na alishangaa jinsi usivyojali vipimo. Alimwonea wivu damu yake. Alimwonea wivu akili ya kumfungia mlango mwanamume. Alimwonea wivu hata ile huruma ya kutuma salamu, kwa sababu yeye, kama angejua kwanza, hakuwa na hakika kwamba angemtuma mtu.

Mtoto alipiga tena.

"Nataka mtu wa kuniona nikimeza dawa," Selani alisema. "Kila jioni. Mis anasema awe mtu wa karibu."

Ketli alikung'uta maji kwenye gauni. Kisha: "Una mama, una dada zako..."

"Nina mama mwenye mdomo na dada waliomrithi. Wewe unajua tayari, na hukusema. Olita mwenyewe hajui alichobeba."

"Na Ovenel?"

"Ovenel niachie mimi. Wewe nakuuliza jioni."

Ketli alitazama njia inayopanda kando ya mfereji kwenda shamba la juu. Ilikuwa njia ndefu kwa mwenye mimba, na yake nayo ingeendelea kukua. "Nitashuka," alisema mwishowe. "Kwa ajili ya mtoto. Jua likianza kuinama nitakuwa kwako, utameza, nitarudi kabla hakujaingia giza."

Selani alifikiri. Aliwaza jioni za mfululizo, Ketli akiwa jikoni kwake, kwenye kigoda chake, mbele ya macho yake: hayuko kwake juu, hayuko uani akimsikiliza mtu anayebisha. Ovenel, popote ambapo angekuwa, asingekuwa naye. Lilikuwa wazo dogo na baya, na lilimtuliza kuliko maneno yote aliyoambiwa siku hiyo.

"Hapana," alisema. "Utakaa mpaka giza liingie. Utakula kwangu, utalala kwangu, utapanda asubuhi."

"Kwa kidonge kimoja, dada?"

"Mimi nameza polepole," alisema Selani, akamshika mkono, wakarudi kwa Mis Ifoniz kuandikisha jina.